Hewa ya mpira: gharama isiyoandikwa kwenye daftari la mgharamiaji

Biashara ya vito mkoani Morogoro haikosi wenye mtaji. Mwaka 2007 huko Ipanko, karibu na Mahenge, ilipatikana spineli moja yenye uzito wa kilo 52, na habari za jiwe hilo ziliwatia hamu hata watu ambao hawakuwahi kushika sululu. Walio karibu na mji wa Morogoro wana Matombo, kwenye miteremko ya Uluguru, ambako rubi hupatikana ndani ya miamba ya marumaru.

Utaratibu wa kufungua shimo unafahamika. Mwenye leseni ana eneo, wachimbaji wana nguvu zao, na mgharamiaji analeta chakula, baruti, mafuta na mashine. Jiwe likitoka, kila upande unachukua mgawo wake. Mgharamiaji ni mtu makini katika mahesabu ya unga na maharage, na asilimia za mgawo hubishaniwa mpaka usiku. Hewa atakayovuta mtu aliyeko chini haimo kwenye mahesabu hayo. Kompresa hununuliwa kwa ajili ya kutobolea mwamba, na mpira unaoteremshwa kuwapelekea watu hewa huhesabiwa kuwa nyongeza ya bure. Hesabu hiyo ni mbovu, hata kwa mtu anayetazama faida peke yake.

Mfano upo hapa hapa nchini. Mwezi Juni 2002, huko Mererani wilayani Simanjiro, pampu iliyokuwa ikisukuma hewa safi kwenye mgodi wa tanzanaiti ilishindwa kufanya kazi, na watu takribani 40 walikufa kwa kukosa hewa. Hawakuangukiwa na mwamba. Mashine ilisimama juu, na walioitegemea chini hawakuwa na hewa nyingine. Mtu anayepelekewa hewa kwa mpira amekabidhi uhai wake kwa injini, kwa dumu la mafuta na kwa kijana anayelinda mashine, ambaye mara nyingi ndiye anayelipwa kidogo kuliko wote.

Hata injini inaponguruma vizuri, bado kuna suala la hewa yenyewe. Hewa ya kawaida ina oksijeni asilimia 20.9. Viwango vya kimataifa huhesabu kuwa ikishuka chini ya asilimia 19.5 mahali hapo hapafai kuingiwa bila hewa ya kuletewa. Hewa ya kuvuta inayotoka kwenye kompresa nayo ina masharti yake. Kaboni monoksaidi, ile gesi ya moshi isiyo na rangi wala harufu, isizidi sehemu 10 katika milioni, na ukungu wa oili usizidi miligramu 5 katika mita moja ya ujazo. Kompresa ya kujazia matairi haikutengenezwa kwa masharti hayo. Ikipata joto kupita kiasi, oili yake huanza kuungua, na moshi wake unaingia moja kwa moja kwenye mpira. Mchimbaji anaumwa kichwa, analegea, anasema ni uchovu wa kazi.

Kosa la kawaida zaidi halihitaji hata mashine mbovu. Bomba la moshi la injini na mdomo wa kuvutia hewa vinakuwa mahali pamoja, mlangoni mwa shimo, na moshi unazungushwa kurudi kwa walioko chini. Milimani jambo hili ni gumu kuliko inavyodhaniwa, kwa kuwa mchana upepo hupanda mteremko na usiku hushuka. Kompresa iliyowekwa vizuri saa nne asubuhi inaweza kuwa inavuta moshi wake yenyewe saa mbili usiku, ingawa hakuna aliyeigusa. Mdomo wa kuvutia hewa unatakiwa kuinuliwa kwa bomba refu, mbali na moshi, na kuangaliwa upya jua likishazama. Gharama yake ni bomba na muda wa fundi.

Itofautishwe pia kati ya mpira unaoachwa wazi chini ya shimo na barakoa ya kuletewa hewa inayofunika uso mzima. Mpira ulio wazi unapunguza joto na kusukuma kidogo moshi wa baruti, lakini mtu bado anavuta kilichomo shimoni. Barakoa humpa hewa ya juu peke yake, mradi ibane uso vizuri. Ndevu hazikubaliani nayo, na wapo watakaonuna kwa hilo. Mahali ambapo hewa ikikatika mtu hawezi kutoka salama, barakoa hiyo inatakiwa kuambatana na chupa ndogo ya hewa kiunoni, ya kumtosha kutoka tu. Mpira nao hauwezi kuungwaungwa bila mwisho. Viwango vya Marekani, ambavyo watengenezaji wengi huvifuata, vinaishia mita 91 hivi. Shimo lililopinda likazidi hapo halina budi kupewa njia nyingine ya kupitisha hewa, na mwenye mtaji atafute fedha hizo kabla ya kununua baruti zaidi.

Ya barakoa za chujio, zile zinazouzwa madukani pamoja na rangi na saruji, yanahitaji kusemwa wazi kwa wanaoziuza. Chujio huzuia vumbi au gesi fulani, lakini haliongezi oksijeni hata chembe. Muuzaji anayemwambia mteja kuwa inafaa kuingilia kisima, tangi au shimo la maji machafu anauza kifo kwa bei ya rejareja. Kwenye maghala ya nafaka na tumbaku yanayofukizwa vidonge vya aluminiamu fosfaidi, chujio maalumu la gesi ya fosfini hufaa pale tu kiwango cha gesi kimepimwa na ni kidogo. Kisipojulikana, asiingie mtu bila hewa ya kuletewa na chupa ya akiba. Kwa mwenye ghala anayetaka kuuza mzigo haraka bei ikiwa nzuri, kungoja kipimo ni adha, lakini vibarua wanaotumwa kufungua milango ndio wanaolipa haraka hiyo.

Kwa upande wa sheria, ipo Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi namba 5 ya mwaka 2003, inayosimamiwa na wakala wa OSHA, nayo inamtaka mwajiri kumkinga mfanyakazi. Upo pia Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ambao mwajiri huuchangia. Tatizo ni kwamba mchimbaji wa mgawo asiye na mkataba wa ajira hana wa kumchangia. Akifa, familia yake inabaki kuitazama leseni na yule aliyeleta mashine. Mgharamiaji mwenye busara hapaswi kujificha nyuma ya maneno kuwa yeye ni mshirika tu na si mwajiri, kwani ndiye anayeamua lita ngapi za dizeli zipelekwe shimoni.

Kwa hiyo hewa iingizwe kwenye makubaliano ya mgawo, na itolewe juu kabisa kabla ya asilimia za mtu yeyote, kama mrabaha wa serikali unavyotolewa jiwe likifika sokoni. Fungu hilo lilipie mafuta ya akiba, kichujio cha kompresa kinachobadilishwa kwa tarehe, kipimo cha kaboni monoksaidi chenye kengele, na mtu mmoja wa juu ambaye hana kazi nyingine yoyote ila kuangalia mashine na kushika kamba ya mawasiliano. Huyo wa juu akatazwe kabisa kuteremka kumfuata mwenzake aliyezimia bila hewa yake mwenyewe, maana bila hiyo wa pili hulala pale pale alipolala wa kwanza.

Anayeombwa hisa katika shimo la Matombo au Mahenge wiki hii aanze kwa kuomba aonyeshwe kompresa kabla ya kuonyeshwa sampuli za mawe. Aangalie moshi unaelekea wapi na mdomo wa kuvutia hewa uko wapi, aulize kichujio kilibadilishwa lini, kisha aombe injini izimwe ghafla na ahesabu dakika zitakazopita kabla mtu wa mwisho hajatoka nje.