Kamera ya Tundu Huanza kwa Mkasi

Tarehe 1 Septemba 2016, kuelekea saa sita mchana, Mwezi ulipita mbele ya Jua juu ya anga la Rujewa, wilayani Mbarali mkoani Mbeya, Jua likabaki pete. Waliokuwa na miwani maalumu waliinua vichwa. Wasio nayo walikuwa na njia nyingine iliyo salama zaidi, nayo ni kutazama chini. Penye mti wenye majani mengi, kila upenyo mdogo kati ya majani hutupa ardhini sura ya Jua, na Jua likipatwa kwa namna ile, kivuli cha mti hujaa pete za mwanga. Siku za kawaida sura hizo ni miduara, kwa hiyo watu huzikanyaga bila kujua kwamba wanakanyaga picha za Jua.

Aliyelieleza jambo hili kwa majaribio yanayoweza kurudiwa na yeyote ni Ibn al-Haytham, mwanachuoni aliyezaliwa Basra karibu na mwaka 965 na kufanya kazi Cairo. Alipanga taa kadhaa mbele ya tundu linaloingia kwenye chumba cha giza. Kila taa ikatoa doa lake ndani, na alipoziba taa moja, doa la taa hiyo likatoweka huku mengine yakibaki palepale. Kumbe mianga hupishana tunduni bila kuchanganyika: wa juu hushuka, wa chini hupanda, na picha inatokea kichwa chini miguu juu.

Katika shule nyingi somo huishia hapo. Katika mtaala wa 8-4-4 nchini Kenya, kamera ya tundu ilikuwa mada ya fizikia ya kidato cha kwanza. Mwanafunzi huchora boksi, hupitisha mistari miwili tunduni, kisha hukokotoa urefu wa picha kwa kugawanya masafa mawili. Akibahatika, mwalimu atamletea boksi lenye karatasi inayopitisha mwanga upande wa nyuma, aone mti wa uwanjani umepinduka. Boksi likigeuzwa upande mwingine, picha imekwenda. Mtoto amesomeshwa njia ya mwanga bila kusomeshwa namna ya kuushika, na huo ni upungufu mkubwa. Sanduku lisilotunza chochote bado halijawa kamera. Linakuwa kamera pale mtu anapokata kipande cha filamu au karatasi ya picha, akakipima kulingana na sanduku lake, na kukiweka ndani gizani.

Tundu lenyewe si kazi ya kutisha. Kinachohitajika ni kipande cha bati jembamba la kopo la soda, sindano, na msasa laini wa kuondoa vinundu vinavyobaki pale sindano ilipotokea. Kipimo chake nacho kinajulikana tangu zamani: mwaka 1891 mwanafizikia Mwingereza Lord Rayleigh alichapisha utafiti wake juu ya ukubwa wa tundu unaofaa. Tundu likiwa kubwa, picha hutia ukungu, na likiwa dogo kupita kiasi, mwanga hutawanyika kwenye kingo na ukungu unarudi kwa mlango mwingine. Kwa boksi ambalo tundu na filamu vimeachana kwa sentimita 10, kipenyo kinachofaa ni karibu milimita 0.45. Kwa sentimita 5, ni kama milimita 0.3.

Tundu la namna hiyo kwenye boksi la sentimita 10 hupitisha mwanga kidogo sana, karibu sehemu moja kwa 200 ya ule unaopita kwenye lenzi iliyofungwa hadi f/16. Karatasi ya picha, ambayo wepesi wake wa kupokea mwanga ni mdogo, itahitaji nusu dakika au zaidi kidogo kwenye jua kali. Kwa hiyo hakuna haja ya shata ya chuma. Kipande cha tepu nyeusi ya mafundi umeme, kikibanduliwa na kurudishwa kwa mkono, kinatosha kabisa.

Baada ya hapo ndipo unakuja mkasi, na huu unastahili kuongelewa kwa kirefu kwa sababu maelekezo mengi huupita kwa sentensi moja.

Kamera ya dukani huzaliwa ikiwa imeamuliwa: filamu ni ya upana huu, fremu ni ya ukubwa huu, mnunuzi azoee. Kamera ya kutengenezwa nyumbani haina amri hiyo. Boksi la viatu linadai karatasi bapa inayokaa vizuri kwenye ukuta wake wa nyuma. Kopo la maziwa ya unga lenye kipenyo cha sentimita 10 linadai utepe uliopinda kufuata ukuta wa ndani, na hesabu ni ya darasani: nusu ya mzingo ni kama sentimita 15.7, kwa hiyo utepe wa sentimita 15 utaingia bila kuziba tundu lililo upande wa pili. Mpindo huo huifanya picha itanuke pembeni, na ukuta ulionyooka hujikunja kama upinde. Watu hulipa fedha nyingi kununua lenzi za kuleta mwonekano huo.

Kukata kwenyewe kuna adabu yake. Filamu ya kawaida ya nyeusi na nyeupe huona rangi zote, kwa hiyo hukatwa kwenye giza totoro, macho hayasaidii kitu. Fundi mwenye busara hutengeneza kwanza kipimo cha kugusa: kipande cha mbao au kadibodi ngumu chenye upana uleule unaotakiwa, kilichogundishwa juu ya ubao wenye ukingo. Filamu inasukumwa hadi igonge ukingo, mkono unahisi, kisu kinafuata ubao. Kwanza hufanya zoezi kwa karatasi kuukuu mchana, kisha kwa karatasi hiyohiyo amefumba macho, na filamu halisi huja mwisho. Vidole viwe vikavu. Filamu za bapa huwa na vijipengo kwenye kona vinavyoonyesha upande wenye dawa, na kipande kinapokatwa hupoteza alama hiyo, kwa hiyo kila kipande kipya lazima kipunguzwe kona moja kabla hakijawekwa chini, kila mara kona ileile. Asiyefanya hivyo atapiga picha kupitia mgongo wa filamu.

Anayeanza asijitese na giza totoro. Karatasi ya picha nyeusi na nyeupe inavumilia taa nyekundu, na filamu ya eksirei nayo inavumilia taa nyekundu iliyofifia, kwa sababu kwa kawaida imetengenezwa kuona bluu na kijani tu. Filamu hii ni hazina ambayo wengi hawaifikirii. Huuzwa na wauza vifaa vya hospitali kwa vipimo vinavyojulikana, na cha sentimita 18 kwa 24 kikikatwa mara mbili hutoa vipande vinne vya sentimita 9 kwa 12, bila hata chenga kubaki. Wapigapicha wa kamera kubwa katika nchi nyingi wameigeukia kwa sababu ya bei yake. Ina dosari moja: aina nyingi zina dawa pande zote mbili, kwa hiyo hukwaruzika upesi ikiwa kwenye dawa na hudai mikono ya taratibu. Kwa upande mwingine, tatizo la kujua upande sahihi linakuwa halipo tena.

Kuna watakaosema kwamba kukatakata filamu ni ujanja wa wasio na uwezo. Historia ya picha inawakatalia. Filamu ya milimita 35, iliyobeba sinema na picha za magazeti kwa karne nzima, ilizaliwa kwa kukatwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1890, William Dickson, aliyefanya kazi katika maabara ya Edison huko New Jersey, alichukua filamu ya George Eastman yenye upana wa milimita 70 na kuipasua katikati kwa urefu. Mwaka 1925 kamera ya Leica ilipoingia sokoni, ilitumia filamu hiyohiyo ya sinema, ikafanya fremu ya milimita 24 kwa 36, na dunia ikaanza kuamini kwamba hiyo ndiyo sura ya asili ya picha. Mwaka 1932 Kodak ilileta sinema ya nyumbani ya milimita 8 kwa njia ileile: filamu ya milimita 16 ilipigwa upande mmoja, ikageuzwa ikapigwa upande wa pili, kisha baada ya kusafishwa ikapasuliwa katikati. Hapakuwa na sheria ya maumbile nyuma ya vipimo hivi. Kulikuwa na watu wenye kisu na sababu ya kukitumia.

Na kisu hicho kimewaokoa wengi. Filamu ya namba 127, yenye upana wa milimita 46, ilianzishwa mwaka 1912 kwa ajili ya kamera ndogo ya mfukoni ya Kodak, na kampuni hiyo iliacha kuitengeneza mwaka 1995. Kwa mtazamo wa dukani, kamera zote za aina hiyo ziligeuka mapambo ya kabati. Wenye nazo hawakukubali. Walichukua filamu ya namba 120, yenye upana wa takriban milimita 62, wakaipunguza hadi 46, na utepe wa milimita 16 unaosalia ukaingia kwenye kamera nyingine ndogo zaidi. Hata kiwanda kikubwa kimelitambua hitaji hili: Ilford ya Uingereza kwa miaka mingi imekuwa ikipokea, mara moja kwa mwaka, maagizo ya filamu za bapa zenye vipimo visivyo vya kawaida kwa ajili ya wenye kamera za kale na za kujitengenezea.

Wapo waliofika mbali zaidi. Mwaka 2006, kundi la wapigapicha huko California waligeuza banda la ndege la kambi ya zamani ya El Toro kuwa kamera ya tundu. Tundu lao lilikuwa la milimita 6, na mahali pa filamu walitundika kitambaa cha pamba chenye upana wa takriban mita 34 na kimo kinachozidi mita 9, kilichopakwa lita 80 za dawa ya picha. Kilipokea mwanga kwa dakika 35.

Upande wa pili wa mizani kuna kopo la bia. Mwaka 2012 Regina Valkenborgh, akiwa mwanafunzi wa sanaa katika Chuo Kikuu cha Hertfordshire, Uingereza, alikata karatasi ya picha, akaipinda ndani ya kopo lenye tundu, na kulifunga kwenye kuba la darubini ya chuo huko Bayfordbury. Kopo likasahauliwa. Lilipobanduliwa Septemba 2020, karatasi ilikuwa imeandika njia za Jua 2,953, moja juu ya nyingine, kwa miaka minane na mwezi mmoja. Picha za namna hii hazihitaji dawa yoyote ya kusafishia. Mwanga wenyewe huigeuza karatasi rangi polepole, nayo ikitolewa hunakiliwa kwa skana kabla haijaungua zaidi.

Huo ungekuwa mwanzo mzuri kuliko wote kwa shule za Afrika Mashariki, kwa sababu ya mahali zilipo. Picha za Uingereza huonyesha matao yaliyoinamia upande wa kusini, kwa kuwa huko Jua halifiki utosini. Kopo likielekezwa mashariki kutoka Kampala, Kisumu au Nanyuki, karibu kabisa na ikweta, litaonyesha mistari inayopanda karibu wima, ikianza kaskazini mwezi Juni na kuhamia kusini kufikia Desemba. Darasa la jiografia linalofunga kopo tarehe 21 Juni na kulifungua tarehe 22 Desemba litakuwa na ushahidi wake lenyewe wa kuinama kwa mhimili wa dunia, uliopimwa kwa kopo, karatasi na tepu.

Kwa picha za kawaida, dawa ndiyo kikwazo kinachotajwa kila mara. Kikwazo hicho ni nusu tu. Mwaka 1995, Scott Williams na wanafunzi wake katika Taasisi ya Teknolojia ya Rochester, Marekani, walionyesha kwamba filamu inaweza kusafishwa kwa kahawa ya kuyeyuka iliyochanganywa na kaboneti ya sodiamu. Mchanganyiko huo ukaitwa kafenol, na baadaye watu wakaongeza vitamini C ili kuupa nguvu. Wengi hupendelea kahawa ya robusta, ambayo ina asidi nyingi za aina inayofanya kazi hiyo kuliko arabika. Robusta ndiyo kahawa ya Kagera na ya sehemu kubwa ya Uganda. Kaboneti ya sodiamu nayo hutolewa Ziwa Magadi, Kenya. Magadi ghafi ya jikoni yana mchanganyiko wa kaboneti na baikaboneti, kwa hiyo ni dhaifu; yakichomwa ndipo yanakuwa soda kamili inayotakiwa. Hapo somo la kemia limekutana na la fizikia bila kulazimishwa.

Nusu ya pili haina njia ya mkato. Ili picha isiendelee kuungua inahitaji dawa ya kukazia, yaani thayosulfeti ya sodiamu, ambayo lazima inunuliwe. Ikishatumika hubeba madini ya fedha, kwa hiyo isimwagwe kwenye mtaro au karibu na kisima. Ihifadhiwe kwenye dumu lenye alama, mbali na watoto.

Hoja ya simu itakuja: kila mtu ana kamera mfukoni, hii kazi yote ya nini? Simu ni chombo kizuri na hakuna haja ya kuidharau. Lakini mtoto anayebonyeza kioo cha simu hajui kwa nini picha ina upana ule, wala nani aliuamua. Aliyepima kopo, akakata utepe, akahesabu sekunde na kuona picha yake ikipanda kwenye sinia chini ya taa nyekundu, anajua, kwa kuwa ameuamua mwenyewe. Boksi moja la karatasi ya picha, likikatwa vizuri, linatosha klabu nzima ya sayansi kwa muhula. Kinachokosekana ni walimu kupewa vipindi viwili mfululizo badala ya kimoja, chumba chenye dirisha linaloweza kuzibwa, na ruhusa ya kuwaacha wanafunzi washike visu.