Waliotupigisha nyungu sasa watupime sukari!

Ndugu yangu msomaji, wewe unayeshinda kijiweni ukisubiri abiria au kibarua, hebu jiulize. Ile homa ya mwaka 2020 au 2021 iliyokubana kifua ukawa husikii hata harufu ya vitunguu, nani alikupima?

Hakuna! Hesabu ya korona iliishia Mei 2020, wagonjwa 509 na vifo 21, kisha wakubwa wakafunga daftari. Tukahimizwa kupiga nyungu. Januari 2021, akiwa Chato, Rais John Magufuli akasema chanjo hazifai. Uingereza walikuwa wameanza kuchanja tangu Desemba 2020. Sisi tulisubiri mpaka Julai 28, 2021, Rais Samia Suluhu Hassan alipochanjwa hadharani.

Utasema yamepita. Hayajapita! Machi 2022 watafiti wa Marekani walitoa matokeo ya kuwafuatilia askari wastaafu zaidi ya 180,000 waliougua korona. Katika mwaka mmoja, hatari yao ya kupata kisukari ilizidi ya wasiougua kwa asilimia 40 hivi. Mwaka 2024 watafiti wa Uingereza, waliopekua kumbukumbu za watu zaidi ya milioni 16, nao waliona kisukari kikiongezeka baada ya korona. Lakini kwa waliochanjwa kabla ya kuugua, ongezeko lilikuwa dogo.

Sisemi kila aliyekohoa ana sukari, wala chanjo si hirizi. Wale askari wengi ni wazee. Ninachosema ni kwamba aliyetucheleweshea chanjo alituondolea ngao, na aliyeacha kutuhesabu hawezi leo kujua nani wa kufuatiliwa.

Virusi kuleta kisukari si habari mpya. Mtoto aliyeambukizwa rubela tumboni mwa mama anaweza kukipata akikua. Chanjo ya rubela ipo nchini tangu 2014, ndani ya sindano moja na surua. Kijana mwenye mtoto, usimwachie mama peke yake kazi ya kliniki!

Kisukari hakipigi hodi. Unaona kiu isiyoisha, mkojo kila saa, suruali inapwaya. Wengine hawaoni lolote mpaka macho au figo zimeharibika. Kukigundua ni tone la damu la kidoleni tu.

Basi tudai kipimo hicho katika kila zahanati ya kata, bila kuambiwa vifaa vimekwisha. Mkubwa akiugua hupanda ndege. Wewe na mimi tunapanda daladala.