Papa Ana Kitovu

Kila unapozuka mjadala wa kumnusuru papa, hauchukui muda kufika Hong Kong, kwenye bakuli la supu ya mapezi. Picha inajulikana: papa kakatwa mapezi, kiwiliwili kimetupwa baharini kingali hai. Ni ukatili, na nchi nyingi zimeupiga marufuku. Lakini picha hiyo inatupa nafuu tusiyoistahili, kwa kuwa inamweka mkosaji mbali nasi. Katika pwani yetu, kuanzia Lamu hadi Mtwara, papa hatupwi. Nyama yake huchanwa, hutiwa chumvi, huanikwa na kusafirishwa ikiwa papa mkavu. Ini lake ndilo lililotoa sifa, yale mafuta yenye harufu isiyosahaulika ya kupaka majahazi. Mapezi humfikia mnunuzi wake kivyake. Papa wa kwetu anakufa kwa sababu ni kitoweo. Kwa hiyo sera yoyote isiyoanzia kwenye wavu na chungu haitamwokoa, hata ikisifiwa vipi kwenye mikutano.

Ushahidi upo. Mwaka 2024 jarida la Science lilichapisha utafiti uliopima vifo vya papa duniani kati ya mwaka 2012 na 2019, miaka ambayo sheria za kuzuia ukataji wa mapezi zilienea kwa kasi. Mtu angetarajia vifo vipungue. Badala yake vilipanda, kutoka papa milioni 76 hivi kwa mwaka hadi takriban milioni 80. Kwenye bahari kuu vilishuka kidogo. Karibu na pwani vikaongezeka. Sababu haijajificha. Mvuvi akiamriwa alete papa mzima nchi kavu, atamleta mzima, na akishamleta atamtafutia mlaji wa nyama. Sheria za mapezi zilipunguza ubadhirifu, lakini hazikugusa idadi.

Na kwa papa, idadi ndiyo kila kitu. Hapa ndipo kiumbe huyu anaponishangaza kuliko meno yake yanayoota upya kila yanapong'oka, na kuliko vile vitundu vya puani vinavyonasa umeme hafifu wa samaki aliyejifukia mchangani. Ukoo wake umekuwamo baharini kwa zaidi ya miaka milioni 400, kabla nchi kavu haijaota msitu wa kwanza, na katika muda wote huo haukuwahi kutegemea wingi wa watoto. Jodari jike humwaga mayai kwa mamilioni na kuyaacha yaende na maji. Papa nyundo, ambaye baadhi ya wavuvi humwita mbingusi, hubeba mimba kwa miezi tisa hadi kumi na miwili, na watoto hulishwa tumboni kwa kondo kupitia kitovu. Papa wengi wa miambani huzaliwa vivyo hivyo, tena wengine ni mtoto mmoja hadi sita tu kwa mimba ya karibu mwaka mzima. Mchukue kitoto cha papa aliyeletwa mnadani, mgeuze tumbo juu, tazama katikati ya mapezi mawili ya kifuani. Utaona ufa mdogo: ndicho kitovu chake. Ukiwa bado wazi na mbichi, huyo amezaliwa siku chache tu zilizopita. Ukiwa umefunga na kubaki mstari mwembamba, ameishi wiki kadhaa. Watafiti huitumia alama hiyo kujua mahali papa wanapozalia, na kuisoma hakuhitaji maabara. Ghuba ambayo majarife yake, yaani nyavu za papa, huleta vitoto vyenye ufa mbichi ni chumba cha uzazi kinachovuliwa. Hesabu ya uzazi wa namna hii inafanana na ya mifugo kuliko ya dagaa, na mfugaji anayechinja mitamba pamoja na ndama zake hangoji mtaalamu aje kumweleza zizi litakuwaje.

Dalili za zizi kupungua tunazo. Mwaka 2020 jarida la Nature lilitoa matokeo ya utafiti uliotega kamera zenye chambo kwenye miamba 371 katika nchi na maeneo 58. Kenya ilikuwa miongoni mwa sita ambako kamera karibu hazikuona papa kabisa. Hiyo haina maana kwamba Kenya haina papa, kwani bado wanashushwa kwenye bandari zake ndogo. Ina maana kwamba kwenye miamba ile iliyopimwa, ambako papa wa miambani ndipo kwao, wamekuwa adimu kiasi cha karibu kutoonekana. Upande wa Tanzania kuna ushahidi ambao watu wameutazama kwa jicho jingine kabisa. Kuanzia mwaka 2003, kwanza Songo Mnara na baadaye kwa wingi Tanga, wavuvi walimnasa silikanti, samaki ambaye hadi mwaka 1938 wanasayansi waliamini alikwisha pamoja na madinosauri. Dunia ilishangilia, na mwaka 2009 Hifadhi ya Bahari ya Silikanti Tanga ikatangazwa. Lakini silikanti hakunaswa kwa wavu wake. Alinaswa na jarife, wavu wa matundu mapana uliotegwa kina kirefu kwa ajili ya papa. Wachache waliuliza jarife lilishuka huko chini kutafuta nini. Naamini lilishuka kwa sababu maji ya juu yalikuwa yameanza kuisha papa. Na yupo papa upanga, ambaye kwa hakika ni jamaa wa taa: ule msumeno wake hunasa kwenye wavu wowote unaokutana nao, na leo wanaomkumbuka ni wazee zaidi kuliko vijana.

Wapo watakaosema papa akipungua, samaki wengine watazidi, kwa hiyo mvuvi ana faida. Wahifadhi wengi hujibu kwa kutisha kwamba bahari yote itaporomoka. Mimi situmii jibu hilo. Utafiti maarufu wa Marekani uliodai kwamba kupungua kwa papa kulisababisha kombe kuliwa na taa hadi kuisha ulipingwa baadaye kwa hoja nzito, na kujenga sera juu ya dai linaloyumba ni kuitafutia sera anguko. Inatosha kusema kwamba papa mwenyewe ni chakula na kipato, na kwa mwendo huu atakwisha. Hoja ya kwamba papa ni muuaji sitaikalia sana. Watu wanaouawa na papa duniani kote kwa mwaka mara nyingi hawafiki kumi na watano, na Peter Benchley, mwandishi wa riwaya iliyozaa filamu ya Jaws ya mwaka 1975, alimaliza maisha yake akimtetea mnyama aliyemtia doa.

Pingamizi lenye uzito ni la mvuvi wa jarife mwenyewe. Atauliza kwa nini aguswe yeye mwenye mashua, ilhali meli za kigeni zinakomba bahari kuu. Ana haki ya kuuliza. Tume ya Jodari ya Bahari ya Hindi, yenye makao yake Shelisheli, imekataza nyavu za kuelea zenye urefu wa zaidi ya kilomita 2.5 katika eneo lake lote tangu mwaka 2022, na utekelezaji wake unahitaji kubanwa. Mwaka huo huo, mkutano wa CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, huko Panama uliingiza karibu familia nzima ya papa wa miambani na jamaa zao kwenye orodha ya biashara inayodhibitiwa, hivyo hata shehena ya papa mkavu kutoka Unguja kwenda Mombasa sasa inaangukia kwenye taratibu za vibali. Lakini meli ya bahari kuu haiingii kwenye ghuba yenye kina cha mita tano. Vitoto vyenye kitovu kibichi vinavuliwa na sisi wenyewe, na vinaweza kuachwa na sisi wenyewe.

Kwa hiyo sipendekezi papa apigwe marufuku sokoni. Marufuku ya jumla ingemwadhibu mchuuzi wa Pemba na kumfundisha kuficha. Napendekeza majarife yaondolewe kwenye ghuba za uzazi katika miezi ya kuzaa, na ghuba zenyewe zitambuliwe kwa kusoma vitovu mnadani, papo hapo, na vikundi vya usimamizi wa fukwe pamoja na maofisa uvuvi, ambao pia waache kuwaandika papa na taa wote kwenye mstari mmoja wa takwimu. Kufunga eneo si jambo geni. Vijiji vya Pemba, kama Kisiwa Panza, vimefunga miamba ya pweza kwa miezi na kuifungua tena. Tofauti ni kwamba pweza hukua ndani ya miezi, na mwanakijiji huona faida kabla hajachoka kusubiri. Papa atamsubirisha miaka, na subira hiyo haiwezi kudaiwa bure kwa mtu anayelala na deni la wavu. Gharama ya kubadilisha majarife kwa mishipi na nyavu nyingine ilipwe kutokana na ada za leseni ambazo meli za kigeni hulipa kuvua katika bahari kuu yetu.