Shahada ya Pili: Tuanze na Swali

Natoa maoni yangu katika gazeti letu juu ya jambo linalowasumbua vijana wengi wanaomaliza Chuo Kikuu. Mimi nilikuwa mwanafunzi wa shule hii, na baadaye nikasoma sayansi ya kompyuta hata nikapata shahada ya kwanza. Jambo lenyewe ni hili: mtu akiisha kupata shahada hiyo, je, yampasa aendelee mpaka shahada ya pili, au atoke akafanye kazi?

Wazee husema elimu haina mwisho. Neno hilo ni kweli, lakini ada haijilipi yenyewe.

Nilipomaliza masomo nilipata barua ya kukubaliwa kusoma shahada ya pili, pasipo msaada wa ada. Mama alifurahi mno. Usiku ule ule akaniambia, "Mwanangu, kiwanja alichotuachia marehemu baba yako kipo. Tukiuze, usome." Mdogo wangu wa kike, ambaye wakati ule alikuwa akimaliza kidato cha nne, alisimama mlangoni akisikiliza. Hakusema neno, lakini nilijua kwamba kiwanja kile ni chake pia.

Usiku huo sikupata usingizi. Nikajiuliza, huko nakwenda kusoma kitu gani? Jibu sikuwa nalo. Niliomba nafasi kwa sababu wenzangu waliomba, na kwa sababu niliogopa kuzunguka mjini na bahasha ya vyeti nikitafuta kazi. Nikaona kwamba hofu si sababu ya kuuza kiwanja. Asubuhi nilimwamkia mama, nikamwambia, "Mama, kiwanja kisiuzwe." Wako walioniita mjinga.

Nilitafuta kazi miezi saba ndipo nikaipata. Mshahara haukuwa mkubwa, na humo hukatwa asilimia 15 kulipa deni la Bodi ya Mikopo, kama sheria inavyowataka waajiriwa waliokopa. Lakini kazi ile ilinifunza. Tulitengeneza programu ya kutunza hesabu ya dawa katika zahanati za vijijini. Mtandao ukikatika, kompyuta ya zahanati na kompyuta ya bohari huendelea kuandika, kila moja peke yake. Mtandao ukirudi, hii yasema zimebaki paketi 40, ile yasema 25. Ipi iaminiwe? Nilijaribu njia tatu, na zote zilishindwa siku moja au nyingine. Ndipo nikagundua kwamba wataalamu wameliandikia swali hilo miaka mingi, nami nikisoma maandishi yao naelewa nusu tu. Siku hiyo nilitamani shule, wala si kwa hofu tena.

Wengine watanijibu kwamba mabingwa wa kompyuta hawakuhitaji shahada. Watamtaja Bill Gates, aliyeacha masomo Harvard mwaka 1975, na Larry Page na Sergey Brin, walioacha masomo ya udaktari Stanford wakaanzisha Google mwaka 1998. Ni kweli, lakini tusisahau kwamba mbegu ya Google ilichipua humo humo katika utafiti wao wa chuo. Naye Linus Torvalds alianza Linux mwaka 1991 akiwa mwanafunzi huko Helsinki. Shahada ya pili aliipata mwaka 1997, kwa kuandika juu ya kazi ile ile ya mikono yake. Swali lilitangulia, shahada ikafuata.

Sisemi kila mtu angoje. Atakaye kufundisha Chuo Kikuu asikawie, maana bila shahada ya pili hapandi ngazi, na bila ya tatu hawi mhadhiri kamili. Aliyepata msaada wa ada, naye ajua atakalo, na aende kesho. Wala si lazima kuvuka bahari: Dar es Salaam kuna Chuo Kikuu, Arusha kuna Taasisi ya Nelson Mandela, na Kigali kuna tawi la Carnegie Mellon. Lakini anayekwenda ili kuikimbia kazi akumbuke kwamba kazi itamngoja pale pale mlangoni, naye atakuwa na deni kubwa zaidi. Mwajiri ataanza kwa kumwuliza, "Umetengeneza nini?"

Miaka mitatu imepita. Mwaka huu naanza shahada ya pili, masomo ya jioni, nikilipa kwa akiba yangu, na swali langu la dawa nimelichukua mkononi. Kiwanja kipo. Mdogo wangu amemaliza kidato cha sita, na ada yake ya chuo nimeichangia. Sijui kama masomo na kazi vitanishinda, lakini nikishindwa nitashindwa kwa mali yangu mwenyewe.

Wazazi, msiuze shamba kabla ya kumwuliza mtoto anakwenda kutafuta nini. Walimu wetu, mtuzoeze kuuliza, si kujibu mitihani tu. Nanyi wadogo zangu mliomo madarasani, msione haya kuinua mkono, kwani asiyeuliza hanalo ajifunzalo.

Mwanafunzi wa Zamani