Heshima ya Mhisani na Ziwa Lisilo na Mhisani

Ziwa Tshangalele, lililo karibu na Likasi katika jimbo la Haut-Katanga nchini Kongo, si ziwa la asili, wala halikutengenezwa na mtu aliyekuwa na mapenzi na ndege. Lilitokea mwaka 1930, kampuni ya Union Minière ilipoyazuia maji ya mto Lufira kwa ukuta wa Mwadingusha ili ipate umeme wa kuendeshea kazi za shaba. Na nyanda zilizokuwa kavu zikafunikwa na maji yasiyo na kina kikubwa, ambamo matete yaliota, samaki wakazaana, na ndege wa kila namna wakahamia pasipo kualikwa na yeyote. Mwaka 1982 UNESCO ililitambua bonde hili la Lufira kuwa hifadhi ya kimataifa ya biosfia. Basi neema iliyotokea kwa sadfa ikapata daraja ambayo waliojenga ukuta ule hawakuifikiria hata kidogo.

Nimeanza hapa kwa makusudi. Swali la namna ya kumheshimu tajiri aliyetoa mali yake kwa ajili ya kuhifadhi wanyama wa mwituni haliamuliki kwa urahisi mahali ambapo mhisani anajulikana, picha yake imetundikwa ukutani na wenyeji wanangoja msaada wake wa mwaka ujao, maana hapo shukrani huchanganyika na tamaa, na mtu hawezi kusema ayaonayo. Lakini mahali ambapo neema ipo na aliyeitoa hayupo, mtu anaweza kupima kwa utulivu ni kitu gani hasa kinachostahili nishani.

Nchi hii imekwisha kuonja heshima ya majina hata ikakinai. Likasi yenyewe iliitwa Jadotville, kwa taadhima ya Jean Jadot, mmoja wa wakuu wa Union Minière. Maporomoko ya Mwadingusha yakaitwa ya Cornet, kwa jina la mjiolojia aliyefika Katanga na msafara wa Bia na Francqui. Kituo cha umeme cha Mwadingusha kikaitwa Francqui, na kile cha Koni, kilicho chini yake mtoni, kikaitwa Bia. Huyo Émile Francqui si mtu wa kupuuzwa katika mazungumzo ya ihsani, kwa sababu wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia alikuwa mbele katika kazi ya kuwalisha raia wa Ubelgiji, na mwaka 1932 akaasisi taasisi ya kuwasaidia wanachuoni ambayo ingali hai. Ila ihsani hiyo ilikwenda kwa Wabelgiji, na bonde lililobeba jina lake halikuwamo katika mgawo huo. Baada ya uhuru majina hayo yaliondoka yote. Hata Mbuga ya Albert, iliyoanzishwa mwaka 1925 na kupewa jina la mfalme aliyeipigania hifadhi ya sokwe wa milimani, iligeuzwa Virunga mwaka 1969, na sokwe hawakudhurika kwa mageuzi hayo.

Waswahili wa pwani, ambao misafara yao ilifika mpaka Bunkeya, huku Katanga, kwa Mfalme Msiri kutafuta pembe na shaba (wala wasijitoe katika hesabu ya tembo waliokwisha), walikuwa na utaratibu wa kale ulio bora kuliko kubandika majina, nao ni wakfu. Mtu akiliweka shamba lake la minazi wakfu kwa ajili ya msikiti au kisima, mali ile humtoka katika milki yake. Hawezi kuiuza, hawezi kuirithisha, wala hawezi kuamka asubuhi moja akasema amebadili nia. Sharti lake husomwa, na msimamizi hulitekeleza, na heshima kubwa apewayo mwenye kuweka ni kwamba sharti lile linatimizwa hata baada ya mifupa yake kuoza. Mimi naona kwamba mhisani wa wanyama astahili kutukuzwa kwa kipimo hicho hicho, yaani kwa kadiri alivyoiachilia mali yake itoke mkononi, na si kwa wingi wa fedha aliyoitaja mbele ya hadhara.

Najua nitakavyojibiwa. Nitaambiwa kwamba katika Kongo fedha iliyoachiliwa ndiyo fedha iliyopotea, na kwamba mtoaji mwenye akili hutoa kwa mkataba wa miaka michache, akadai hesabu, na akazuia fungu la pili ikiwa la kwanza halionekani lilikokwenda. Hoja hiyo ina uzito na siipuuzi. Walinzi wa mbuga waliowahi kukaa bila mshahara wanaielewa kuliko mimi. Lakini kudai hesabu ni jambo moja, na kushika amri ni jambo jingine. Hesabu yaweza kubandikwa mlangoni pa ofisi ya mbuga ili mtoaji na mvuvi waisome pamoja. Amri ikibaki kwa mtoaji, hifadhi nzima huishi kwa hali ya moyo wa mtu mmoja aliye ng'ambo ya bahari, na siku moyo huo ukichoka, bunduki za majangili hazichoki.

Kwa kipimo hiki, kazi iliyofanyika Virunga kwa fedha za Howard Buffett, tajiri wa Marekani, naiona ina ubora wa peke yake. Kituo cha umeme cha Matebe, chenye uwezo wa zaidi ya megawati 13, kilianza kazi mwaka 2015 ili wakazi wa Rutshuru wapate umeme na mbuga ipate kipato kisichotegemea watalii, ambao vita huwafukuza. Mtambo ukishafungwa haupakiwi tena mkobani. Ni ajabu ya kupendeza kwamba huku kwetu maji yalizuiwa kwa ajili ya shaba yakaleta ndege bila kutaka, na kule maji yakatumiwa makusudi kwa ajili ya sokwe. Hata hivyo, katika mbuga hiyo hiyo walinzi zaidi ya 200 wameuawa tangu ilipoanzishwa, na orodha yoyote ya heshima inayomtaja mwenye fedha kabla ya hao imepangwa kichwa chini.

Tshangalele ina heshima moja ya namna nyingine. Mwaka 1960 Jean-Claude Ruwet, mtaalamu wa wanyama kutoka Ubelgiji, alipata hapa mnana mmoja, ndege mdogo wa manjano mwenye barakoa nyeusi usoni. Mwaka 1982 wataalamu wakamtangaza kuwa aina mpya na kumpa jina la Ruwet, na ndege huyo akabaki akijulikana kwa kielelezo hicho kimoja mpaka alipoonekana tena mwaka 2009, palepale ziwani. Wako wanaobishana kama ni aina kamili au ni ndugu tu wa mnana wa Tanzania. Mnana mwenyewe hana habari: dume huchana ukanda mbichi wa jani, huuzungusha kwenye kitawi, huupenyeza na kuuvuta kwa mdomo hata tundu lining'inie juu ya maji, kisha hulingoja jike lije kulikagua. Heshima ya jina hilo haikununuliwa. Ilitokana na kazi iliyofanywa kwa macho na subira.

Na wavuvi wa Kapolowe, kando ya ziwa hili, je? Uvuvi ukifungwa samaki wapate kuzaa, ni wao wanaokaa na nyavu kavu, huku bukari, yaani ugali, ikiliwa bila kitoweo. Tajiri hutoa ziada yake. Mvuvi hutoa chakula cha jioni, na hakuna aliyewahi kumvika nishani. Ningetaka wao ndio wakae barazani kuamua nani aheshimiwe katika bonde hili, na wasiamue siku hundi inapokabidhiwa, bali baada ya miaka kumi, watakapokuwa wameona kama samaki wamerudi.

Na upande wa migodi pia wako watakaoiomba heshima hiyo. Kwa miaka mingi maji machafu ya kazi za shaba za Likasi yameteremka kwa vijito mpaka Lufira, na kutoka Lufira mpaka ziwani, yakiacha madini mazito katika tope ambamo samaki hula. Kwa hiyo mwenye kiwanda akija na zawadi ya mashua za doria au darubini za kuangalilia ndege, baraza la wavuvi lisiikatae zawadi. Limwombe kwanza chupa ya maji kutoka kwenye bomba lake la nyuma, ipelekwe maabara asiyoilipa yeye.