Wimbo Mmoja, Nauli Mbili

Mwaka 1928 Siti binti Saad wa Unguja alivuka bahari mpaka Bombay, na huko sauti yake ikatiwa katika sahani za santuri. Siku zile sauti ilinaswa kwa njia moja tu, ndiyo iitwayo mono. Santuri za sterio, yaani za njia mbili, kulia na kushoto, zilianza kuenea madukani mnamo mwaka 1958. Hata kaseti nyingi za arusi na za kwaya zetu zilinaswa kwa maikrofoni moja.

Basi, wasomaji wapenzi, vijana wanapohamisha nyimbo hizo katika simu, hunung'unika kwamba simu imejaa. Si ajabu! Wimbo wa njia moja wameuweka kwa njia mbili. Ni kumlipia abiria mmoja nauli mbili.

Tupige hesabu. Wimbo wa dakika 3, kwa kipimo cha sidii, hula megabaiti 32 hivi kwa njia mbili, na 16 kwa njia moja. Ukibanwa kwa MP3, kwa kilobiti 128 kila sekunde, hula karibu 3. Lakini wimbo wa mono hutoshwa na kilobiti 64, nao hula 1 na nusu tu. MP3 hubana kwa kutupa sauti ndogo ambazo sikio halizipati kwa kuwa zimefunikwa na kubwa.

Mtu atasema: programu yenyewe hutambua kwamba njia mbili zimefanana. Ndiyo, zikifanana kweli. Lakini santuri kuukuu ina mikwaruzo, na mikwaruzo ya kushoto siyo ya kulia. Programu huihangaikia kana kwamba ni muziki. Changanyeni njia mbili ziwe moja kabla ya kubana. Wimbo utabaki na nguvu zake, na mikwaruzo itafifia kidogo.

Ila nawasihi sana jambo hili. Kilichotupwa na MP3 hakirudi, na kaseti yenye sauti ya babu aliyekwisha fariki pengine haina ya pili duniani. Kwanza wekeni nakala kamili kwa FLAC, ambayo hubana pasipo kutupa kitu. Nakala ya MP3 iwe ya kusikiliza njiani. Na santuri yenyewe irudi mfukoni mwake, isimame wima, mbali na jua na mikono ya watoto.