Msaada unaokuja baada ya kulipa haumsaidii maskini

Mtu wa Goma, Bukavu, Uvira au Bunia mwenye ndugu Marekani hashangai kusikia jibu hili mwezi wa kwanza au wa pili wa mwaka: "Ngojeni kidogo, faktire ya umeme imetuumiza." Huku wengine hudhani ni kisingizio cha mtu asiyetaka kutuma kitu. Si kisingizio. Katika majimbo kama Kentucky, Tennessee na Texas, ambako Wakongomani wengi wamepokelewa kama wakimbizi, nyumba nyingi hupashwa joto kwa umeme, na mashine zinazotumika katika nyumba nyingi za watu wa kipato kidogo ndizo zinazokula umeme kuliko zote.

Marekani ina dawa ya tatizo hilo, na kunako mwaka wa 2022 ilitenga hata pesa za kuigawa. Namna ya kuigawa ndiyo imewaacha nyuma wale walioihitaji kwanza. Jambo hilo lafaa kusemwa wazi, kwa sababu linawagusa ndugu walio kule na wanaowategemea huku, na kwa sababu kosa la namna hiyo linaweza kufanyika popote.

Kwanza, dawa yenyewe. Inaitwa pampu ya joto. Mwenye frigo nyumbani anajua kwamba nyuma yake panatoka joto: frigo inatoa joto ndani ya chakula na kulitupa inje. Pampu ya joto hufanya vilevile kwa nyumba nzima. Wakati wa baridi inavuta joto lililobaki katika hewa ya inje, maana hata hewa ya baridi kali ina joto fulani, na kuliingiza ndani. Wakati wa jua kali inageuka na kutoa joto inje.

Kwa upande mwingine kuna mashine za zamani, zile za waya unaowaka mwekundu, kama reshoo ya kupikia. Hizi zikitumia kipimo kimoja cha umeme, zinatoa kipimo kimoja cha joto, basi. Pampu ya joto, kwa kuwa haitengenezi joto bali inalihamisha tu, kwa kipimo hichohicho inaleta viwili, vitatu, na siku zisizo na baridi sana hata vinne. Chukua mfano wa familia inayolipa dola 200 kwa mwezi kwa ajili ya joto peke yake. Kwa pampu inayoleta vipimo viwili na nusu, joto lilelile litagharimu dola 80. Dola 120 zinabaki mfukoni kila mwezi wa baridi, na kati ya hizo ipo karo ya mtoto Butembo au dawa ya mama Kalemie.

Tatizo ni bei ya kununua na kufunga. Kwa nyumba nzima inaweza kupita dola 10.000. Mwenye kipato kidogo hana pesa hizo. Anaendelea na mashine ya zamani na kulipa kila mwezi zaidi ya jirani yake tajiri ambaye amekwisha badilisha.

Tarehe 16 mwezi wa nane 2022, Raisi Joe Biden alitia saini sheria kubwa iliyogusa mambo ya bei, dawa na nishati. Ndani yake kulikuwa na njia mbili tofauti za kusaidia wenye nyumba, na tofauti yake ndiyo kiini cha mjadala huu.

Njia ya kwanza ilikuwa kupunguziwa kodi ya serkali: asilimia 30 ya gharama, isipite dola 2.000 kwa pampu ya joto. Ili kuipata, mtu alipaswa kununua kwanza kwa pesa zake, kisha kungoja wakati wa kutangaza kodi mwaka unaofuata. Tena punguzo lile halikuweza kupita kodi ambayo mtu anadaiwa. Mwenye kudaiwa kodi ya dola 5.000 alipata 2.000 zake zote. Mwenye kipato kidogo, anayedaiwa dola 300 tu, alipata 300. Asiyedaiwa kitu hakupata kitu. Hivyo mwenye nacho aliongezewa, na asiye nacho aliambiwa kwamba sheria imemfikiria pia. Sheria nyingine, iliyotiwa saini na Raisi Donald Trump tarehe 4 mwezi wa saba 2025, iliufunga mpango huo mwishoni mwa mwaka huo wa 2025. Kwa familia maskini mlango huo haukuwa umefunguka sana.

Njia ya pili ilikuwa bora zaidi kwa mawazo. Bunge lilitenga dola bilioni 8,8 zigawanywe na majimbo katika mipango miwili. Mmoja, wa bilioni 4,5, unatoa hadi dola 8.000 kwa pampu ya joto. Familia yenye kipato kisichofika asilimia 80 ya kipato cha kati cha eneo lake inaweza kulipiwa gharama yote mpaka kiwango hicho. Iliyo kati ya asilimia 80 na 150 inalipiwa nusu. Na msaada unakatwa palepale, siku ya kununua: fundi anaandika faktire ikiwa imekwisha punguzwa, na yeye ndiye anayengojea pesa za serkali. Hapo ndipo sheria ilipomwelewa maskini.

Lakini mpango huo nao uliingia na mwiba. Sheria ilisema kwamba kifaa kipya kiwekwe katika nyumba mpya, au kichukue nafasi ya kifaa kisichotumia umeme, au kiwe cha kwanza cha aina yake kununuliwa. Nia ilikuwa kuondoa gesi na mafuta. Kwa kusoma maneno hayo, mwenye mashine ya zamani ya umeme angeweza kudhani kwamba ametengwa. Wizara ya Nishati ilibidi ieleze kwamba mtu anayetoka kwenye mashine ya waya kwenda kwenye pampu ya joto kwa mara ya kwanza anahesabika pia. Ni maelezo mazuri, lakini yanaonyesha kwamba walioandika sheria hawakuanza na yeye.

Na hapo ndipo walipaswa kuanza. Anayetoka kwenye gesi ya bei nafuu kwenda kwenye pampu ya joto anaweza kuona faktire yake ikishuka, ikibaki palepale, au hata ikipanda, kulingana na bei za eneo lake. Anayetoka kwenye mashine ya waya hana wasiwasi huo: umeme ni uleule, mita ni ileile, na matumizi yanashuka. Mara nyingi nyumba yake ina waya nene za kutosha tayari, kwa hiyo hahitaji kubadilisha tableau ya umeme, kazi ambayo mpango huohuo uliitengea hadi dola 4.000 zaidi. Kwa kila dola ya serkali, hakuna mahali penye faida ya hakika kuliko katika nyumba ya maskini anayejipasha joto kwa waya.

Faida hiyo si yake peke yake. Mwezi wa kumi na mbili 2022, baridi kali ilipofika ghafla, shirika la umeme la bonde la Tennessee lililazimika, kwa mara ya kwanza katika historia yake, kuagiza umeme ukatwe kwa zamu. Mwezi wa pili 2021, Texas ilikosa umeme kwa siku kadhaa na watu zaidi ya 200 walikufa. Sababu zilikuwa nyingi, lakini moja ni kwamba asubuhi ya baridi mamilioni ya mashine za waya zinawaka kwa pamoja. Anayempunguzia maskini matumizi yake anaepusha giza pia katika nyumba ya tajiri.

Wapo wanaosema kwamba serkali haina kazi ya kumnunulia mtu mashine za nyumbani, kila mtu ajipange. Neno hilo lingekuwa na uzito kama serkali ingekuwa hailipi kitu. Lakini inalipa tayari. Tangu mwaka wa 1981 Marekani ina mpango wa kuwasaidia maskini kulipa faktire za joto, nao unatumia mabilioni ya dola kila mwaka. Ni msaada wa lazima, na usiondolewe wakati watu wanaganda. Ila kulipia kila mwaka joto la mashine inayopoteza ni kama kujaza maji katika ndoo iliyotoboka. Kuziba tundu mara moja ni nafuu kuliko kujaza miaka 20.

Swali gumu zaidi ni la mpangaji. Wakongomani wengi waliofika kule si wenye nyumba. Mpangaji ndiye analipa umeme, lakini mashine ni ya mwenye nyumba, ambaye haumizwi na faktire. Mpango wa majimbo unaruhusu majengo ya kupangisha yaingie, kwa masharti ya kumlinda mpangaji wa kipato kidogo asipandishiwe kodi kwa miaka miwili kwa sababu ya kazi iliyofanyika. Miaka miwili ni michache kwa mashine inayoweza kudumu 15. Jimbo linalotaka kufanya haki lingeongeza muda huo na kumtafuta mwenye nyumba lenyewe, badala ya kumwachia mpangaji kazi ya kumbembeleza.

Mwisho kuna suala la kuaminika. Pesa zilipitishwa mwaka wa 2022, lakini jimbo la kwanza kufungua mlango, New York, lilifanya hivyo mwishoni mwa mwezi wa tano 2024. South Dakota haikutaka hata kuomba. Mwanzoni mwa 2025 malipo ya serkali kuu yalisimamishwa kwa muda na majimbo mengine yakafunga maombi. Fundi mdogo aliyekwisha kata bei kwa mteja na kungoja kurudishiwa hawezi kuishi na mashaka hayo. Mvumilivu hula mbivu, lakini baridi haina subira. Sheria inaruhusu pesa hizo zitumike hadi tarehe 30 mwezi wa tisa 2031. Muda bado upo wa kupanga foleni upya: wa kwanza awe mwenye kipato cha chini anayelipa joto la waya, msaada ukatwe siku ya kununua, na fundi alipwe kwa wakati.

Huku kwetu hakuna anayehitaji pampu ya joto. Lakini siku ambapo mradi wowote utasema unataka kuwatoa akina mama kwenye mbabula na makala na kuwaingiza kwenye umeme, swali litakuwa lilelile. Mama anayenunua makala kwa kipimo kidogo kila siku huenda anatumia kwa mwezi zaidi ya anayepika kwa umeme. Anachokosa ni pesa za mkupuo za kuvuta waya na kununua jiko. Ukimwambia "lipa kwanza, tutakurudishia", umemchagua jirani yake mwenye pesa. Shaba inayozunguka ndani ya pampu hizo za Marekani, nyingine imechimbwa katika ardhi ya Congo, nchi ya pili duniani kwa uzalishaji wake. Ingekuwa aibu madini yasafiri mpaka kule, na funzo lishindwe kurudi.